Mapovu matatu ndani ya tangi moja la matumbawe

*Fundi, shikamoo. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 300 hapa Nyali, lina miezi mitano. Mawe ni yale makavu ya dukani, maji nachota baharini. Tangu mwezi uliopita kuna uteute wa kahawia umetanda juu ya mchanga na matumbawe, umejaa mapovu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Naufyonza jioni, kesho mchana umerudi. Nimepunguza chakula, nabadilisha robo ya maji kila baada ya siku tatu, nimeweka na zile punje za kunyonya fosfeti. Nikipima, naitreti sifuri, fosfeti sifuri. Konokono wanne wamekufa. Halafu kuna vijipira vya kijani vinang'aa kama gololi vimeota kwenye jiwe, na kila jioni maji yote huwa na mapovu madogo madogo yanayopeperuka. Je, maji yangu yamezidi hewa au ni ugonjwa? Nifanye usafi gani zaidi?*

Marahaba. Usafi zaidi usifanye. Ndoo za baharini zipumzishe, na zile punje za kunyonya fosfeti zitoe leo hii kabla hujalala. Sababu nitakupa, lakini punje zitoe kwanza.

Barua yako niliisoma, nikarudi tena kwenye hizo sifuri mbili za naitreti na fosfeti, ambazo ndizo chakula cha mwani. Wengi wanaoniuliza habari za mwani huja na naitreti 50 au 80, na chakula kimeoza nyuma ya mawe. Hao huwaambia wakasafishe. Wewe umesafisha mpaka umepitiliza. Na humo ndani una mapovu ya aina tatu ambayo hayajuani hata kwa salamu, kila moja na asili yake, na ni aina moja tu inayokuulia konokono. Tuyamalize haya mawili mepesi kwanza.

Yanayopeperuka jioni ni hewa ya kawaida. Kwa joto la Mombasa, taa juu na feni ikipuliza, maji yanavukizwa mchana kutwa, na upungufu hauonekani kwenye tangi la juu. Unaonekana kwenye chemba ya pampu, kule tangi la chini maji yanakochujwa. Ikifika jioni maji yameshuka hadi usawa wa mdomo wa pampu, nayo inameza hewa pamoja na maji, inaisaga na kuirusha juu. Chukua kalamu ya wino mzito, piga mstari pale maji yanapotakiwa kufika, ujazie kila asubuhi kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Chumvi haivukizwi. Ukijazia maji ya bahari kila siku, baada ya miezi michache utakuwa umejitengenezea Ziwa Magadi sebuleni. Kama mstari umefika na bado yanaruka, kuna kiungo cha bomba kinachovuta hewa upande wa kunyonya: kizungushie kitambaa kibichi pampu ikiwa inafanya kazi, mapovu yakikatika umekipata. Ile sabuni ambayo mafundi wa gesi hupaka kutafuta tundu, hapa ni marufuku hata tone.

Gololi za kijani ni Valonia. Ni kiumbe cha ajabu kidogo, kwa sababu kila gololi unayoiona ni seli moja tu yenye viini vingi ndani yake, na inaweza kukua kupita sentimita tatu. Ndani imejaa maji, wala si hewa. Nadhani iliingia pamoja na kipande cha tumbawe ulichonunua, imejishikiza chini ya kijiwe chake. Usiipasue ndani ya tangi, maana iliyokomaa hubeba vijimbegu. Toa jiwe, lishike juu ya beseni, ingiza ukucha au ncha ya bisibisi chini ya gololi na uizungushe taratibu mpaka ing'oke nzima. Jiwe lisuuze kwa maji ya tangi humo humo beseni, beseni limwage chooni na si ufukweni. Utasoma mahali habari za kaa wa kijani anayezila gololi hizi. Ni kaa wa Karibi huyo, hayumo katika bahari yetu, na ukucha wako haukugharimu kitu.

Haya, sasa uteute.

Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la kama nyuzi 27 hubeba oksijeni karibu miligramu 6.5, haibebi zaidi kwa raha. Taa ikiwaka, chochote kilicho hai na chenye rangi ya kufanyia usanisinuru huanza kutoa oksijeni, na maji ya jirani yake yakishajaa, inayobaki hujikusanya kuwa povu. Kwenye mwani wa kawaida povu huponyoka na kupaa. Kwenye uteute hunaswa. Itazame kazi hiyo kwa karibu saa tisa mchana: utaona uzi wa kahawia umesimama wima kutoka kwenye mchanga, na kwenye ncha yake kiputo kimeuinua kama boya linavyoinua wavu. Asubuhi kabla ya taa hakuna boya wala uzi. Kwa hiyo jibu la swali lako la hewa ni kwamba maji yako hayana kasoro ya hewa. Kuna kiumbe kinachofanya kazi sana mchana, na inabidi tumjue ni nani.

Washukiwa wa kahawia ni watatu. Daiatomu ni vumbi jepesi linalokuja kwenye tangi changa katika wiki za mwanzo, linakula silika iliyomo kwenye maji, na konokono hulifagia bila shida. Tangi lako limeshapita umri huo. Sayanobakteria ni zulia, mara nyingi jekundu la damu iliyoganda, na ukilivuta linanyanyuka kipande kizima kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nalo hutoa mapovu, lakini usiku wa manane lipo palepale ulipoliacha. Wa tatu ni dinoflajelati, viumbe vya seli moja wanaojikusanya kuwa kamasi yenye nyuzi. Yeye namshuku, kwa sababu za konokono na za sifuri. Ila kushuku si kujua, na dawa ya mmoja ni chakula cha mwingine.

Kwa hiyo leo usiku, muda wa saa tatu ukishapita tangu taa kuzima, washa tochi umulike mchanga. Ukiukuta mweupe, safi kana kwamba kuna mtu amekuja kufagia, kamasi imetoweka au imebaki kidogo mno, basi ndio wao. Dinoflajelati wengi wana mikia ya kuogelea, giza likiingia huachana na kutawanyika, mwanga ukirudi hukusanyika upya.

Kesho mchana fanya jaribio la pili. Fyonza kijiko cha uteute pamoja na maji ya tangi, weka kwenye chupa ndogo, tikisa kwa nguvu mpaka usambaratike. Uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Maji yatakayopita yataonekana meupe kabisa. Yaweke kwenye gilasi chini ya taa kwa saa moja. Ukirudi ukakuta nyuzi za kahawia zimejifuma upya ndani ya maji uliyoyachuja mwenyewe, hakuna tena la kubishana. Mara ya kwanza nilipolifanya nilidhani nimechanganya gilasi.

Jaribio la tatu linataka hadubini inayokuza mara 400. Shule ya sekondari iliyo karibu nawe inayo kwenye maabara ya bayolojia, na sijakutana na mwalimu wa bayolojia aliyekataa kutazama tone la maji la mtu. Sayanobakteria utawaona kama shanga zilizotungwa. Daiatomu wana maganda ya kioo, umbo la mtumbwi au sindano. Ostreopsis, dinoflajelati wa kwanza wa kumwogopa, ana umbo la mbegu ya ufuta, na mara nyingi huzunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Amphidinium ni yai lenye kijipua kidogo mbele, huteleza taratibu na kupenda kukaa mchangani. Kuwatofautisha hawa wawili si mapambo ya kitaalamu, utaona hapo chini.

Kwa nini wakukute wewe, mtu msafi? Tangi lililokomaa ni kama mtaa uliojaa. Kila kona ya jiwe ina mpangaji: bakteria, daiatomu, mwani wa kijani mfupi, wadudu wadogo wa kuwatafuna wote. Wewe ulianza na mawe makavu, ambayo ni nyumba tupu. Wapangaji walipoanza kuhamia ukawakatia chakula: punje zikanyonya fosfeti, chakula cha samaki kikapungua, na maji ya bahari ukayaleta mapya kila siku ya tatu. Hayo maji ya bahari ndiyo watu wasiyoyafikiria. Maji safi ya nje ya mwamba ni maskini sana kwa naitreti na fosfeti. Mwamba wenyewe hauhangaiki, kwa sababu mkondo unaupitishia chakula usiku na mchana, na samaki kama tasi na kangaja hawaachi mwani upumue. Tangi la lita 300 halina mkondo wa Bahari ya Hindi. Ukilishusha hadi sifuri, mwani wa kijani na bakteria wanakufa njaa, na paka akiondoka panya hutawala. Dinoflajelati wanastahimili njaa hiyo kuliko wenzao: wengine hula bakteria. Kila ulipofyonza na kubadilisha maji, uliwaondoa wao kidogo na washindani wao zaidi.

Kosa hili nalijua kwa kulitenda. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natunza tangi la hoteli moja pwani ya kusini, nikapigana na uteute huu kwa wiki saba kwa ndoo na brashi, meneja akinisifu kwa bidii. Bidii ndiyo iliyokuwa ikiwanenepesha.

Dawa, basi, ni kurudisha chakula kwa kipimo. Lenga naitreti 5 hadi 10 na fosfeti 0.05 hadi 0.1, miligramu kwa lita. Kuwalisha samaki zaidi kunasaidia, lakini fosfeti hupanda polepole kwa njia hiyo kwa sababu mawe makavu huinywa. Mimi hutumia chumvi mbili ambazo maduka ya pembejeo huwauzia wakulima wa vitalu: naitreti ya potasiamu, ambayo mfuko wake huandikwa 13-0-46, na fosfeti ya potasiamu, 0-52-34. Soma lebo yote. Ikitaja shaba, amonia au urea, irudishe rafuni, kwani shaba itakuulia matumbawe na kamba wote.

Ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yako halisi ni kama lita 250. Kwa ujazo huo, gramu 0.8 za naitreti ya potasiamu hupandisha naitreti kwa takriban 2. Mizani ya jikoni haiwezi kazi hiyo. Tafuta ile ndogo ya masonara. Fosfeti ni ndogo hata kwa sonara, kwa hiyo yeyusha gramu moja ndani ya lita moja ya maji yaliyochujwa, na kila mililita 11 za mchanganyiko huo zitapandisha fosfeti kwa karibu 0.03. Yeyusha kila kitu kwanza, mimina penye mkondo wa pampu, pima kesho yake kabla hujaongeza. Wiki ya kwanza utaona fosfeti imerudi sifuri kila asubuhi, kana kwamba hukutia kitu. Ni mawe yanakunywa. Endelea tu, siku itafika kipimo kitabaki palepale.

Kufyonza unaweza kuendelea, kwa sharti kwamba maji yapite kwenye soksi nzito ya kuchujia, ya mikroni 5 au 10, na kurudi tangini. Unatoa uteute, unabakisha maji. Kubadilisha maji acha kabisa mpaka vita iishe.

Sasa umuhimu wa hadubini. Kama ni Ostreopsis, usiku hupanda majini, na hapo taa ya UV, ile ya kuua vijidudu majini, inawachinja. Wati 25 kwa tangi lako zinatosha, lakini mabomba yake yachote maji moja kwa moja kutoka tangi la juu na kuyarudisha huko huko, na pampu iende polepole ili maji yakae kwenye mwanga. UV iliyofungwa kule chini nimeiona ikiwaka miezi bila faida. Tanguliza siku tatu za giza: zima taa, funika tangi kwa blanketi, samaki uwape chakula kidogo tu. Matumbawe yatavumilia. Ila hewa iwe ya kutosha, kwa sababu gizani kila kitu kinavuta oksijeni na hakuna kinachoirudisha. Weka pampu ya hewa ya betri tayari, maana stima yetu unaijua. Giza peke yake, fosfeti ikiwa bado sifuri, ni kuwapa likizo tu.

Kama ni Amphidinium, UV usinunue, utatupa pesa. Huyo haondoki mchangani. Yeye hushindwa na daiatomu, kwa hiyo watu humtilia tangi silika kwa makusudi ili vumbi la kahawia lile ambalo kila mtu hulikimbia lije limnyang'anye nafasi. Ni kazi ya wiki sita au nane na inakera macho. Tukifika huko niandikie tena nikupe vipimo.

Na kwa vyovyote vile, rudisha wapangaji. Muombe mwenzako mwenye tangi la miaka mitatu minne kikombe cha mchanga na kijiwe kimoja, bora asiwe na gololi zile. Nakuona ulipo na najua ufukwe uko hatua chache, lakini mawe ya mwamba wa mbele yako usiyaguse: Mombasa Marine Park ni hifadhi tangu 1986, KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawacheki na mtu anayebeba jiwe, na wana haki.

Kuhusu konokono wako. Ostreopsis hutengeneza sumu za jamii ya palitoksini, na konokono anayewala hulegea, huanguka chali mchangani, hufa. Mtu naye asidharau. Mwezi Julai 2005 pale Genoa, Italia, watu kama 200 walihitaji matibabu baada ya kupumua rasharasha za bahari wakati Ostreopsis walipofurika. Tangi la sebuleni si bahari ya Genoa, lakini vaa glavu, usifyonze kwa mdomo kuanzisha mpira, na usichemshe jiwe kulisafisha, hata siku moja. Baadhi ya Palythoa, jamaa wa matumbawe wanaofugwa kwenye matangi, wana sumu ya jamii hiyo hiyo, na mvuke wake umewalaza hospitali familia nzima za wafugaji. Weka pia makaa ya kuchujia maji, gramu 200 kwenye mfuko, ubadilishe kila wiki. Yatabeba sehemu ya sumu.

Maji ya bahari nayo, siku utakaporudia kuyachota: chota maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya hori za Tudor na Mtwapa, na wakati wa masika usichote kabisa, maana mvua hushusha kila kilichokuwa kwenye vyoo na mitaro. Yahifadhi gizani wiki moja kwenye pipa lenye kifuniko, pampu ikiyazungusha, kisha upime chumvi. Lenga gramu 35 kwa kilo.

Nikuonye juu ya yatakayofuata, usije ukarudi kwenye ndoo kwa hofu. Wiki ya pili au ya tatu uteute utaanza kukatika, na pengine zulia jekundu la sayanobakteria litachukua nafasi yake. Acha, lifyonze kwa soksi, ongeza mkondo pale lilipo. Utauziwa antibayotiki ya kuliondoa. Sitii mkono wangu kwenye tangi lenye antibayotiki wakati bakteria ndio tunaowabembeleza warudi. Baada ya hapo kioo kitaanza kushika ukungu wa kijani kila siku mbili, na mawe yataota manyoya mafupi ya kijani. Wageni watakuambia tangi limechafuka. Mulika mchanga kwa tochi mchana na usiku kwa siku saba, na kama rangi yake haibadiliki, pima, hakikisha fosfeti haijashuka chini ya 0.05, kisha nenda kanunue konokono. Wawili tu kwa kuanzia. Uwaweke juu ya kioo pale penye ukungu mzito, na asubuhi yake tafuta njia waliyoipitia.